Jino Ni Langu, Si la Shule

9 Februari

Gundi wangu,

Nimefika, nimepewa kitanda cha juu, na tayari nimeshagombana na mtu. Mtu mwenyewe ni matroni. Alinikuta nachora wakati wa kupanga nguo, akaniuliza, "Wewe umeletwa hapa kusoma au kupaka rangi?" Nikamwambia sipaki rangi, hii ni penseli. Sasa nafagia ukumbi wiki nzima.

Bweni hili lina kila kitu isipokuwa watu. Yaani watu wapo, tena wengi, lakini hakuna hata mmoja anayejua kunicheka inavyotakiwa. Mama anasema nitazoea. Yeye hospitali yake mpya imeshamzoea, wauguzi wenzake wanamtwisha zamu zao. Simu ni marufuku hapa. Tumeachiwa barua tu, nazo zinapitia kwa matroni, kwa hiyo ukitaka kumsema, mseme kwa adabu.

Sasa nisikilize. Kitabu chetu cha katuni sikiachi. Eti kwa sababu mama kahamishwa kazi ndiyo timu ya mpira ya wasichana ikose mchoraji? Haiwezekani. Tutafanya hivi: wewe upo golini, unaona uwanja wote, kwa hiyo wewe ndiye macho. Kila mechi uniandikie ilivyokuwa, nani kaanguka, nani kanuna, refa kavaa nini. Mimi nachora. Kanuni yetu ni ileile, hakuna kisanduku cha mchoro kinachoingia kitabuni kama jambo lenyewe halikutokea. Wavulana kwenye katuni zao waruke juu ya maghorofa wanavyotaka, sisi tutaruka kimo chetu.

Mechi ya kwanza ni Jumamosi tarehe kumi na tano, sijasahau. Mwambie beki wetu Ukuta akabe vizuri pale nyuma, na acheke, maana bila meno yake yale ukurasa wangu unapoa kabisa.

Mimi, mfagizi wa ukumbi,
Kifutio

20 Februari

Kifutio mpenzi,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena. Matroni, kama unasoma hapa, shikamoo.

TUMESHINDA! Mbili kwa moja! Wale wa jezi njano, wale wanaojiona. Mvua ilinyesha tangu dakika ya kumi, uwanja ukawa tope tupu, watu wanateleza mpaka wanakaa. Winga wetu alifunga la kwanza akiwa ameanguka, nakwambia, aliusukuma mpira kwa goti. Wakasawazisha. Tukaongeza. Halafu dakika ya mwisho refa akawapa penalti, refa mwenyewe kavaa kofia ya kuogelea kwa ajili ya mvua.

Mpigaji wao ni lile jitu refu. Nikajifanya nimechoka, nikainama nikashika magoti. Akaona huyu kwisha. Akapiga kulia kwangu. Nikaruka, nikaupangua kwa ngumi moja, ukapaa mpaka juu ya paa la karakana. Mwalimu mkuu alikuwa pembeni, akasimama akapiga makofi. Mwalimu mkuu, Kifutio!

Ukuta hajambo. Alikaba.

Chora ile ngumi iwe kubwa.

Gundi wako

8 Machi

Gundi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimemaliza kurasa nane. Ngumi yako nimeipa ukurasa mzima peke yake, matone ya mvua yanaruka kutoka kwenye vidole. Hata matroni alisimama kuangalia, akasema, "Huu mkono wa nani?" Nikasema wa rafiki yangu. Akaenda zake bila kunipa adhabu, na hiyo kwa hapa ni sawa na kukumbatiwa.

Sasa kaa vizuri zaidi. Nakala za kurasa hizo nilizituma kwa gazeti la vijana na mhariri amejibu! Amezipenda. Anataka kuzichapisha toleo la Juni kama hadithi ya kweli ya timu ya kweli, na anachodai ni picha moja tu ya timu nzima mkiwa na jezi. Nilimwandikia kwamba hakuna kisanduku hata kimoja cha uongo humo ndani. Basi jipangeni, mpige picha, Ukuta asimame katikati.

Halafu, kuhusu Ukuta. Mbona umeandika maneno matatu tu? Mtu anayecheka mpaka refa anasahau filimbi, wewe unasema "hajambo, alikaba". Nimelazimika kukichora kicheko chake kwa kukumbuka. Mmegombana?

Nimemwandikia mwalimu wa michezo pia, kwa sababu wewe nakujua, utasema kesho, kesho kutwa.

Kifutio, msanii anayesubiriwa na taifa

17 Machi

Kifutio,

Naandika haraka, nina kipindi. Picha kwa sasa haiwezekani. Jezi zimefuliwa na hazijakauka. Halafu tumeshinda tena, tatu bila, nitakueleza siku nyingine.

Mwalimu wa michezo usimsumbue jamani, ana mitihani ya kusahihisha. Na huyo mhariri, kwani lazima iwe Juni?

G.

25 Machi

Binti yangu,

Nimeipata barua yako na kurasa ulizonakili kwa ajili yangu. Nimezitazama mara mbili. Mkono wako umekua.

Picha unayoniomba sina. Timu ya wasichana ilivunjwa tarehe kumi na mbili Februari, siku tatu kabla ya hiyo mechi uliyoichora. Jezi zimo kabatini na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Saa zangu za michezo ya wasichana nimepewa nifundishe jiografia, na wewe unajua mimi na ramani tulivyo. Tangu siku hiyo hakuna mechi yoyote iliyochezwa, wala mvua sikumbuki.

Sababu muulize rafiki yako. Ukiweza, muulize baada ya hasira kupungua.

Wako,
Mwalimu wa Michezo

30 Machi

Gundi,

Hasira haijapungua.

Jezi hazijakauka! Tangu Februari! Zilifuliwa kwa mafuta? Na mimi mjinga nikaamini, nikasema maskini, labda hakuna jua. Nimechora tope ambalo hakuna aliyelikanyaga. Nimechora jitu refu, nikalipa sura, nikalipa na viatu vya kubana, kumbe halipo duniani. Mwalimu mkuu nimemchora anapiga makofi! Sijawahi kumwona yule mtu akipiga hata mluzi.

Nimemwambia mhariri, mtu mzima wa watu, kwamba ni kweli tupu. Umenifanya mwongo, Gundi, na mimi uongo wangu napenda kuuchagua mwenyewe.

Unajua kinachoniuma zaidi? Timu imevunjwa na mimi sijui. Mnalia huko, mimi huku nachora watu wanashangilia. Niliondoka kwa sababu ya kazi ya mama, sikuondoka kwenye timu. Nani alikwambia nimeondoka kwenye timu?

Niambie kilichotokea tarehe kumi na mbili. Na nikiona neno mvua, barua naichana.

Kifutio

7 Aprili

Kifutio,

Jua lilikuwa kali. Tulikuwa mazoezini, tunajifunza kona. Mpira umepigwa juu, nikatoka golini, nikaita "Wangu!" kama mwalimu anavyotufundisha. Ukuta naye akaruka. Mpira sikuugusa. Ngumi yangu ilimpata mdomoni.

Jino la mbele liling'oka, la pembeni likavunjika nusu. Mimi nilibaki nimesimama na ngumi yangu hewani. Wenzangu walikimbia kuleta maji, mwalimu akambeba, mimi nimesimama tu kama mlingoti. Sikusema hata pole. Mpaka leo sijaisema. Kila siku iliyopita ilifanya neno lenyewe kuwa zito zaidi, mwisho nikaanza kuzunguka nyuma ya karakana ili tusikutane, na darasani nikahamia kiti cha mbele ili nisimwone.

Baba yake alikuja saa ileile, nikamwona dirishani anazungumza na mwalimu mkuu. Kabla ya kengele ya jioni tukaitwa mstarini. Mpira wa wasichana umesimamishwa kwa usalama wetu. Alisema wasichana nyuso zao si za kupigwa ngumi. Watu wote wakageuka kuniangalia.

Siku chache baadaye barua yako ikafika, unataka meno ya Ukuta. Ningekuandikia nini? Nilikaa na kalamu nikaanza, na kwenye karatasi timu ilikuwa bado ipo. Nilipofika kwenye ile penalti viganja vilikuwa vinatoka jasho, haki ya Mungu. Nusu saa nzima nilikuwa kipa. Nilijua nakudanganya na bado sikutaka kuacha.

Nichukie, una haki. Ila kuna kitu kingine kinanichoma na sina wa kumwambia. Mwaka jana mshambuliaji wa wavulana alivunjika mguu, wewe ulikuwepo. Shule nzima tuliandika majina kwenye plasta yake, na wavulana wakawekewa nyavu mpya. Hakuna aliyesema miguu ya wavulana si ya kuvunjwa. Sisi, jino moja na nusu, tumefungiwa kabati.

Nina hatia na nina hasira, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Gundi

16 Aprili

Gundi,

Anza na Ukuta.

Mimi bado nimekukasirikia, usijidanganye. Ila hasira nimeigawa. Nusu yako, nusu ya mwalimu mkuu, na ya kwake inazidi kunenepa.

Nakutumia kurasa tatu mpya, za kweli. Ya kwanza ni kona. Ya pili ni mguu wa plasta wenye majina yetu yote, na nyavu mpya nyuma yake. Ya tatu ni kabati la jezi lina kufuli. Kurasa zile nane za mvua nimezifuta, zote, mpaka mkono ukauma, na ngumi yako nzuri nimeifuta nikiwa nalia kwa uchungu kwa sababu ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote. Mhariri nimemwandikia kila kitu na kumtumia nakala za kurasa hizi.

Kwenye kona utaona Ukuta hana mdomo. Sikusahau. Siwezi kuchora mdomo wa mtu baada ya jambo kama hilo bila kumuuliza. Zichukue kurasa hizi, umpelekee kwa mikono yako miwili, useme ulichoshindwa kusema, halafu umuulize anataka achorweje. Usimtume mtu. Usiziache kwenye dawati lake ukakimbia, nakujua.

Ukizunguka nyuma ya karakana mara moja zaidi, mimi na wewe basi. Sitanii. Mtu anaweza kunidanganya nikamsamehe, lakini siwezi kuwa rafiki wa mtu anayemkimbia beki wake mwenyewe.

Kifutio

25 Aprili

Kifutio,

Mimi kuandika si kazi yangu, kwa hiyo vumilia.

Gundi alikuja na karatasi zako kazibana kifuani, akaanza kulia kabla hata hajanifikia. Nikamwacha alie kwanza. Alistahili. Si kwa ajili ya jino, jino tungemalizana siku ileile, mpira ni mpira, na nilimsikia anaita nikaruka hivyohivyo kwa kiherehere changu. Alistahili kwa zile wiki kumi za kunikwepa kama nina upele. Mdomo ulipona kwa siku nane. Kukaa nyuma ya mgongo wake darasani ndiko kulikokuwa kunaniuma. Nimemwambia hivyo, na nimemvuta sikio, sasa tumemalizana.

Jambo la pili. Baba yangu hakuja kushtaki! Nani kawaambia? Alikuja kunichukua, akamuuliza mwalimu mkuu nitarudi lini mazoezini, maana nikikosa mpira napiga mateke makopo nyumbani na yeye anataka kulala baada ya kazi. Basi. Mwalimu mkuu akachukua jino langu akalifanyia hotuba. Katika wote waliozungumzia mdomo wangu hakuna aliyenikumbuka mimi mwenye mdomo.

Kwa hiyo jana nilimshika Gundi mkono tukaenda ofisini na kurasa zako. Mwalimu mkuu alizitazama muda mrefu. Akasema haya, labda timu inaweza kurudi, kwa sharti moja, kipa awe mwingine. Huyu ni hatari kwa wenzake. Gundi akafungua mdomo kukubali. Alikuwa anakubali, yule punguani! Nikamkanyaga mguu. Nikamwambia mwalimu, "Jino ni langu, si la shule. Kama kuna wa kudai ni mimi, na mimi sidai." Akatutoa nje.

Kurasa nimezibandika kwenye ubao wa matangazo. Akazibandua. Nilikuwa na nakala, nikabandika tena. Tuko mara ya nne sasa.

Nichore na pengo. Lote, usinionee aibu. Na nichore nikiwa nacheka.

Ukuta, beki namba nne

6 Mei

Ukuta na Gundi, mabibi wakubwa,

Hii barua ni yenu wote wawili, msinyang'anyane.

Pengo limechorwa. Nimelichora mara kumi na saba mpaka likaniridhisha. Ukuta, ukilipenda sawa, usipolipenda pia limeshakuwa.

Mhariri amejibu. Anasema kurasa mpya zina nguvu, lakini wasomaji wanapenda ushindi, kwa hiyo angeomba ile mechi ya mvua irudi, penalti ibaki, na "suala la mwalimu" liondolewe kwa sababu linaweza kuleta maneno. Eti tukikubali, tunapewa na jalada la mbele. Jalada, jamani. Nililiota hilo jalada tangu niko darasa la tano.

Nimemjibu anirudishie kurasa zangu. Niliandika kwa adabu, matroni mwenyewe alinisahihishia neno moja, akaniambia nisiweke "tafadhali" mara mbili.

Basi gazeti hatuna. Msiniulize sasa tufanye nini, mimi niko mbali na kazi yangu ni kuchora. Ila karatasi ninazo, na penseli nimechonga.

Kifutio

18 Mei

Kifutio wangu,

Jana tumecheza. Nakuandikia vidole vimevimba, vumilia mwandiko.

Wavulana walikuwa wamesafiri kwa mechi yao, uwanja uko wazi, umekaa tu. Ukuta akaenda karakana ya ushonaji ng'ambo ya barabara, akawaambia wale mafundi wasichana, "Nyinyi mnajiona mna miguu?" Wakasema njoo uone. Jezi zetu zimefungiwa, kwa hiyo tulivaa fulana za nyumbani, na mafundi walipotuona hatuna namba wakasikitika, wakatushonea namba kwa vipande vya kitambaa palepale, kila mtu rangi yake. Halafu wakaingia uwanjani wakatufunga bila huruma. Watu wanaokanyaga cherehani mchana kutwa, Kifutio, mashuti yao usiombe.

Mwalimu wa michezo alikuja na filimbi. Alisema hakuja kama mwalimu, kaja kufanya mazoezi ya mapafu.

Sasa nakwambia ukweli wangu. Kipindi cha kwanza nilifungwa matatu, na yote matatu nilikuwa nimeganda kwenye mstari. Kila mpira wa juu ukija naiona ile siku, miguu inakataa. La tatu lilipita mbele ya pua yangu. Wakati wa mapumziko nilimwambia Ukuta aweke mtu mwingine golini. Akaniangalia, akacheka na pengo lake lote, akasema, "Nimetukanwa ofisini kwa ajili yako, sasa unataka kustaafu?"

Kipindi cha pili mwalimu mkuu akaja. Akasimama pembeni, mikono kifuani, akapaza sauti, "Nani amewaruhusu?" Mafundi walikuwa wamepata kona, na sisi tukaendelea kupangana, si kwa jeuri. Baba yake Ukuta alikuwa ameketi pale kwenye kiti alichobeba kutoka nyumbani. Akamwambia, "Mwalimu, samahani, sogea kidogo, unaniziba." Na kweli akasogea!

Kona ikapigwa. Juu, katikati, kama siku ile. Nikamsikia Ukuta nyuma yangu, "Toka, wewe! Ukibaki humo nakutoa mimi!" Nikatoka. Nikaita "Wangu!" mpaka koo likauma, Ukuta akainama, nikaruka, nikaupiga kwa ngumi. Niliupiga mpira, Kifutio. Mpira wenyewe.

Ulikwenda moja kwa moja kwa fundi mmoja mfupi, akaurudisha wavuni. La nne.

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka nimelala chini, na Ukuta akaja kuniinua huku analaani ukoo wa yule fundi. Tukamaliza nne bila. Hatukupata hata bao la kuotea. Nimefungwa manne, yachore yote manne, usinipunguzie hata moja, na lile la nne lipe ukurasa mzima.

Filimbi ilipolia mwalimu mkuu alituita akasema Jumatatu anataka wazazi wote. Baba yake Ukuta akamuuliza saa ngapi, ili aje mapema apate kiti kizuri. Mama yangu naye anakwenda, na mwalimu wa michezo amesema anaweza kufukuzwa lakini jiografia alikuwa haiwezi hata hivyo. Mimi nitasimama mbele yao wote niseme ngumi ilikuwa yangu, jino lilikuwa la Ukuta, na pole nimeshaisema kwa mwenyewe. Nikimaliza nitamuuliza mwalimu mkuu kuhusu mguu wa plasta.

Jumamosi tunarudiana na mafundi. Mwalimu mkuu anasema hajatoa ruhusa yoyote, na hilo ni kweli, hajatoa. Hatujamwomba.

Gundi,
kipa